Triko, balo na namba za duane: mambo inayotuhusu siye wachimbaji

Hapa Luvungi, ukitaja duane, watu wanaangalia upande wa Kamanyola: bariere, malori yamepanga mstari, mama na mizigo kichwani. Mchimbaji anasema hiyo haimuhusu. Yeye anauza mchanga wake kwa negosia, negosia anajua yake. Siye wa sendika tulisema vilevile miaka mingi. Tuliona duane ni shauri ya wakubwa wenye kontena. Glavu njo zilitufungua macho.

Tulichanga pesa, watu wa mashimo matatu, tukanunua glavu ngambo: zile za uzi mweupe wa kufumwa, kiganja kimechovywa mu kauchu ili jiwe lisiteleze. Ku poste wakatuambia: hii ni nguo, mtalipa kama nguo, 20 kwa mia. Tukakasirika. «Shefu, hii iko chombo ya kazi, sawa na nyundo na burini!» Akajibu: «Mu kitabu yangu iko nguo.» Tukalipa tukinung'unika. Tulirudi nyumbani tukisema wametuiba.

Kisha mmoja wetu akapata kitabu chenyewe, akakileta ku mkutano. Tukatafuta. Namba 6116: glavu za triko. Na mstari wa kwanza kabisa chini ya namba hiyo unataja zile zilizochovywa ao kupakwa plastiki ao kauchu. Yule mtu wa duane alikuwa na haki. Siye njo tulikuwa hatujui. Tunaiandika hapa bila haya, ju asiyejua kitabu hawezi kujua siku gani wanamuonea na siku gani wanamwambia kweli. Tangu siku ile hatukukifunga kitabu kile, na leo tunataka kuwagawia tuliyoyasoma, kwa sababu bei za nguo na vifaa vyetu zinaweza kubadilika, na wake zetu wanaouza fripe njo watakuwa wa kwanza kuonja.

Kitabu kimoja kwa dunia nzima

Kila kitu kinachovuka mpaka kina namba. Namba hizo zinatoka ku mapatano yaliyofanyika Brussels mwaka 1983, yakaanza kazi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1988. Shirika la Duane la Dunia njo linalinda kitabu, na kila miaka kadhaa wanakitengeneza upya. Toleo la 2022 ni la saba. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile Kamanyola, Mombasa, Antwerp na Shanghai. Baada ya hizo sita, kila inchi inaweza kuongeza zake, na kila inchi inaweka kodi yake. Kwa hiyo jina la kitu ni la dunia, lakini bei ya kulivusha ni ya serikali yako.

Mchimbaji asishangae, yeye mwenyewe anaishi ndani ya kitabu hiki. Kasiterite iko ku 2609. Wolframite iko ku 2611. Coltan iko ku 2615. Zahabu iko ku 7108. Hakuna mtu wa Nyabibwe atakayekubali coltan yake iandikwe kasiterite, ju anajua jina likibadilika, bei inabadilika, na jasho lake linapotea njiani. Sasa basi: triko ya mke wako nayo ina jina. Ikiandikwa jina lingine, pesa inatoka mu mfuko wenu.

Triko ni nini?

Mu kitabu, nguo ziko mu sura tatu. Sura ya 61 ni ya nguo za triko, maana yake zilizofumwa kwa uzi unaoshikana vitanzi kwa vitanzi. Sura ya 62 ni ya nguo za kitambaa kilichosukwa, nyuzi zinakatana kama msalaba: kitenge, jini, shati ya ofisi. Sura ya 63 ni ya vitu vingine vya kitambaa, mablangeti, mashuka, na mule ndani njo kuna fripe.

Namna ya kujua triko si ngumu. Ivute kwa mikono miwili. Triko inarefuka na kurudi. Kata uzi mmoja, utaona inafumuka mstari mzima. Kitenge hakifanyi hivyo. Fulana ni triko, iko ku 6109. Pulovere na swita ziko ku 6110. Soksi ziko ku 6115. Nguo za triko za mtoto mchanga ziko ku 6111, na kitabu kinasema mtoto mchanga ni yule ambaye urefu wake hauzidi sentimita 86. Hawaulizi miaka, wanauliza kipimo.

Kuna na mambo madogo yanayoonekana kama mchezo, lakini njo yanaamua. Nguo ya triko ya mwanaume, yenye kola na vifungo, inaweza kuwa shati, namba 6105. Lakini kama chini ina mpira wa kukaza, ao mifuko chini ya kiuno, ao ufumaji wake ni mpana sana, haiwezi kubaki ku namba ile. Wanahesabu vitanzi: vikiwa chini ya 10 kwa kila sentimita, kwa urefu na kwa upana, siyo shati tena, inakwenda kwingine. Nguo inayofungwa kushoto juu ya kulia ni ya mwanaume. Kulia juu ya kushoto ni ya mwanamke. Na kama haijulikani, wanaiandika ya mwanamke. Kama uzi umechanganywa, pamba na nilo, wanatazama ule ulio na uzito mwingi.

Tunaeleza haya ili kila mtu aelewe jambo moja: namba haitoki mu kichwa ya mtu wa duane. Inatoka mu maandiko. Ukimuuliza kwa heshima «Shefu, ni namba gani, na ni maelezo gani inasema vile?», haumtukani. Unauliza alichoapa kufanya.

Fripe ina masharti mawili

Hapa tufike ku balo. Fripe ina namba yake: 6309. Balo ya pulovere zilizovaliwa haiendi ku 6110 hata kama zote ni triko. Inakwenda ku 6309. Lakini kitabu kinaweka masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. Kwanza, nguo zionyeshe wazi kwamba zimevaliwa. Pili, zifike zimerundikwa, ao ndani ya balo, magunia ao mifuko ya namna hiyo.

Mke wa mwenzetu mmoja, bwana yake anachimba Kamituga, alinunua balo ngambo. Akaifungua kulekule. Akachagua triko nzuri, akazikunja moja moja mu sashe, akazipanga mu karto ili zisikunjamane. Zingine zilikuwa bado na tiketi ya duka ku shingo. Ku poste moja wakamsimamisha.

«Mama, hii haiko fripe. Hii iko triko mupya.»

«Shefu, yote imetoka mu balo. Angalia kola, imeisha chakaa.»

«Fripe haipangwi mu karto, mama.»

Ukisoma maandiko, huyu shefu hakusema uongo wote. Kwa kuzitoa mu balo, mama alijiharibia sharti la pili. Kwa zile zenye tiketi ya duka, hata sharti la kwanza lilikuwa na shida. Lakini kosa lilikuwa mahali pengine. Hakuandikiwa namba yoyote. Hakupewa kitansi. Alitajiwa pesa kwa mdomo, akabembeleza, wakapunguza, akalipa, akapewa kijetoni kisicho na jina la mtu wala namba ya mali. Kama kweli zilikuwa triko mpya, serikali ilipaswa kuandika hivyo na kupokea pesa zake. Kama zilikuwa fripe, mama alipaswa kulipa za fripe. Ile pesa haikuwa ya upande wowote. Imepotea kama mchanga unaotoka shimoni usiku bila tiketi, na siye wachimbaji tunajua vizuri nani anakula mchanga wa namna ile.

Mtu atauliza: mpya na ya kuvaliwa, kama kiwango ni kimoja, tofauti iko wapi? Iko ku bei inayopigiwa hesabu. Kodi inatokana na asilimia ya thamani ya mali. Pulovere mpya inahesabiwa kwa bei ya pulovere mpya, moja moja. Fripe inahesabiwa kwa balo na kwa kilo. Mkono ni uleule, lakini ndoo si ileile.

Hesabu yenyewe

Kongo ina viwango vitatu vikubwa vya kodi ya kuingiza mali: 5, 10 na 20 kwa mia. 5 ni ya mashine na malighafi, 20 ni ya vitu vilivyokamilika vya kutumia, na njo mule tulipigiwa glavu zetu. Juu yake kuna TVA ya 16 kwa mia, iliyoanza tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2012. TVA haipigwi ku bei peke yake, inapigwa ku bei pamoja na kodi.

Tuchukue mali ya dola 100. Kodi ya 20 kwa mia ni dola 20. TVA ni 16 kwa mia ya 120, ni dola 19.20. Jumla 39.20. Kama mali ileile ingelikuwa ku kiwango cha 5, kodi ni 5, TVA ni 16 kwa mia ya 105, ni 16.80, jumla 21.80. Tofauti ni dola 17.40 kwa kila mali ya 100. Hatujahesabu malipo mengine ya ku bariere wala usafiri.

Sasa tazama upande wa pili. Kongo imekubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwezi wa 3 mwaka 2022, na ikasaini mwezi wa 4. Jumuiya ina bei moja ya duane kwa mali inayotoka inje ya inchi wanachama. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2022 bei hiyo ina ngazi nne: 0, 10, 25 na 35. Nguo ziliwekwa ku 35. Fripe ni 35 kwa mia ao senti 40 za dola kwa kilo, wanachukua ile iliyo kubwa.

Siku Kongo itaingia kabisa mu bei hiyo, balo ya dola 100 itatoka ku 39.20, itafika 56.60. Kodi 35, TVA 21.60. Tofauti ni 17.40 tena. Na usisahau senti 40. Balo ya kilo 45 inalipa si chini ya dola 18. Kama ni balo duni ya dola 40, asilimia 35 ni dola 14 tu, lakini wanachukua 18, ju njo kubwa. Kwa hiyo balo ya maskini njo inayobanwa zaidi na kilo. Mama anayeuza nguo za bei ya chini anabeba mzigo mkubwa kuliko yule anayeuza za kwanza.

Majirani wamepita njia hii

Siye hatuko wa kwanza. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha kodi ya fripe toka senti 20 mpaka dola 2 na senti 50 kwa kilo. Kwa balo ya kilo 45, toka dola 9 mpaka dola 112.50. Walitaka viwanda vya kwao vifufuke. Marekani ikakasirika, na mwezi wa 7 mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda ruhusa ya kuuza nguo kule bila kodi. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa mu mpango mmoja wa kupunguza fripe, lakini zilirudi nyuma. Mwezi wa 8 mwaka 2023 rais Museveni akatangaza tena kwamba fripe haitakiwi Uganda, na wachuuzi wa soko la Owino wakapata hofu.

Na siye wa mpakani tuliona nini? Kodi ikipanda upande mmoja na kubaki chini upande mwingine, usiku unakuwa barabara. Caguwa, vile majirani wanavyoita fripe, ilipita Kongo na kurudi Rwanda kwa magendo, nguo zimefungwa ku mwili, mizigo midogo ku maji. Wanaobeba ni vijana na wanawake. Wanaokamatwa ni haohao. Mwenye balo yuko nyumbani, amelala.

Sendika haisemi kodi ni mbaya. Bila kodi hakuna mshahara wa mwalimu wala barabara, na RN5 yetu kila mtu anaijua vile iko. Kuna na washonaji wetu wanaolia kwamba fripe inawamaliza, na wana haki ya kusikilizwa. Wazee wa hapa wanakumbuka pamba ikilimwa mu Plaine ya Ruzizi, na kule Kalemie kulikuwa kiwanda cha nyuzi na vitambaa, Filtisaf. Leo mashine zimenyamaza. Lakini tuulize vizuri: kodi ya 35 peke yake itarudisha pamba? Kiwanda cha triko kinataka umeme usiokatika, barabara na usalama. Kodi ikipanda na hivyo vitatu havipo, hatutavaa triko ya Kongo. Tutavaa ileile ya zamani, kwa bei ya juu, ao mchimbaji atashuka shimoni na singleti iliyolowa. Na anayejua baridi ya Kamituga usiku, mtu anapotoka mu maji ya shimo, anajua hiyo si mapambo.

Kampuni na mchimbaji

Kuna jambo lingine. Code minier inayapa makampuni yenye titre mlango wa pekee ku duane kwa vifaa vilivyo ku liste iliyokubaliwa: 2 kwa mia kabla ya kuanza kuchimba, 5 kwa mia baadaye. Hatuwaonei wivu. Sheria iko hivyo, inataka kuvuta mitaji. Lakini mchimbaji wa mkono anayenunua glavu, mabotini na kaske kidogokidogo hana liste, hana deklaranti. Yeye analipa kama mtu anayeleta nguo za kupendeza. Wote wawili wanatoa jiwe mu udongo uleule wa Kivu ya Kusini. Mwamba ukianguka hauulizi titre.

Ju ya hiyo, ile hasira yetu ya siku ya glavu ilikuwa na haki kidogo, ila tuliitupa mahali si pake. Namba 6116 ni sawa, na hakuna mtu wa poste anayeweza kuibadilisha. Kinachoweza kubadilishwa ni kodi iliyowekwa mbele ya namba. Hiyo inaamuliwa Kinshasa, na kesho itaamuliwa Arusha. Njo kule tunapaswa kupeleka sauti.

Tunaomba nini, na tufanye nini

Tunaomba serikali mambo matatu. La kwanza, bei za duane za vitu vya kila siku, nguo za triko, fripe, glavu, mabotini, zibandikwe ku kila poste, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, herufi kubwa. La pili, dekre ya tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 2002 iheshimiwe: huduma zilizoruhusiwa kukaa mpakani ni nne, duane, OCC, uhamiaji na usafi wa mipaka. Wengine wote wanaonyoosha mkono waonyeshe karatasi. La tatu, wakati wa kuongea na Jumuiya juu ya bei moja, vifaa vya kulinda mwili wa mchimbaji viwekwe mezani. Wanachama wengine wanaomba kila mwaka kutokufuata kiwango fulani kwa muda, na wanakubaliwa. Na Kongo inaweza kuomba.

Siye wenyewe tuna kazi yetu. Mama, usichanganye mali mpya na ya kuvaliwa ndani ya mzigo mmoja: moja itaharibia nyingine jina. Kama ni fripe, ivushe ikiwa balo, uichague ukifika nyumbani. Andika uzito wa balo mbele ya kufika ku poste. Usilipe bila kitansi yenye namba ya mali na kiasi. Jetoni siyo kitansi. Kama unaona namba si yake, sheria ya duane ya tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka 2010 inakupa njia ya kulalamika kwa maandishi, lakini bila karatasi ya mkononi malalamiko yako ni upepo. Na tusiende mmoja mmoja. Wanawake kumi wenye deklarasio moja wanaheshimiwa kuliko wanawake kumi wenye vifurushi kumi. Wachimbaji wa kooperative wanaonunua glavu pamoja wanaweza kumlipa deklaranti mmoja anayejua kazi.

Wakubwa wetu ku mashimo walitufundisha: mbele ya kuuza, pima wewe mwenyewe, kisha uende ku mizani ya negosia. Duane nayo ni mizani. Kila mwenye kitansi ya mwaka huu, ya fripe, ya triko ao ya vifaa, ailete ku ofisi ya sendika hapa Luvungi. Tutazipanga moja juu ya nyingine, tulinganishe poste na poste, namba na namba. Tukizifikisha mbele ya wanaoamua, tutakuwa na makaratasi ya kuonyesha.